Tuwape watoto mwamba wa pwani wauhesabu wenyewe: uzi kwa walimu na wazazi

Mwalimu wa Pwani

Wakuu, salaam. Nafundisha shule ya msingi huku pwani ya Dar es Salaam, na leo nina jambo refu kidogo. Wenye haraka mniwie radhi.

Kila ikikaribia Siku ya Mazingira, tarehe 5 Juni, tunawapanga watoto mstari, tunawagawia magunia, wanaokota chupa ufukweni, wanapigwa picha, wanarudi darasani. Si vibaya, ufukwe unasafishika. Lakini mwulize mtoto yule yule kesho yake ni nini kinaishi kwenye mwamba aliokuwa anaukanyaga, atakujibu "mawe". Asubuhi nzima ametembea juu ya chaza, konokono na kaa akitafuta chupa, na hakuna mtu mzima aliyemwinamisha akamwambia angalia hapa.

Ninachopendekeza ni hiki: mpe mtoto kipande cha mwamba kiwe chake. Ahesabu kilichomo. Baada ya miezi arudi ahesabu tena. Madhara yetu binadamu atayakuta yako pale pale jiweni kabla wewe hujafungua mdomo.

Tuanze na saa, maana walimu wengi hukwama hapo. Pwani yetu maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4 wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata. Na bahati ni yetu: siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, saa za masomo kabisa. Maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, msihangaike, mwamba haufunuki vizuri, na kupwa kwenyewe huangukia alfajiri au jioni. Fikeni maji yakiwa bado yanatoka, myafuate yanavyoshuka, na yakigeuka tu wote mnatoka. Hapo hakuna mjadala. Maji ya bamvua yakianza kujaa yanakuja kwa kasi, na mtoto aliyenogewa na kaa hasikii filimbi.

Kabla ya mnyama yeyote, waangalie jiwe. Miamba ya Coco Beach, Msasani, Kigamboni, sehemu kubwa ya Unguja, na pwani ya Kenya mpaka Malindi, ni matumbawe yaliyokuwa hai baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mwagia maji kidogo pale jiwe lilipo safi, utaona vinyota vya matumbawe vimepangana. Watoto wakishaviona hawatulii tena, kila mmoja anatafuta vyake. Waambie kwamba misikiti na majumba ya Kilwa Kisiwani yamejengwa kwa jiwe la namna hii, na kwamba chokaa ya pwani ilichomwa kutokana na matumbawe, mengine yakitolewa yangali hai. Kwa hiyo habari ya binadamu na mwamba haikuanza na mfuko wa plastiki.

Sasa wapange kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa, kusikofikiwa na maji ila marashamarasha, kuna vikonokono vidogo vimejikunyata kwenye nyufa vikisubiri bahari irudi. Chini yake kuna mkanda wa chaza, umekaa sawasawa kama mstari uliopigwa kwa rula. Waulize kwa nini hawapandi zaidi. Watajibu wenyewe: jua. Na kwa nini hawashuki zaidi? Hapo ndipo patamu, maana jibu si maji wala jua, jibu ni wenzao. Huko chini wako wanaowala, na nafasi inagombaniwa. Mtoto wa darasa la nne anayeelewa hilo ameshaelewa ikolojia kuliko vitabu vingi vinavyomkaririsha.

Mnyama mmoja msimpite, wataalamu humwita chiton. Amelala bapa juu ya jiwe, mviringo wa yai, mgongoni ana vipande vinane vya gamba vilivyopangana, pembeni ana manyoya magumu. Anasogea polepole akikwangua mwani mwembamba ulioota kwenye mwamba, na meno yake yana madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Kwa meno hayo anakwangua na jiwe lenyewe. Ile miamba iliyoliwa chini ikabaki na kichwa kikubwa juu, mawimbi hayakuitengeneza peke yake, huyu na wenzake wamo.

Na sasa kazi yenyewe ya kuhesabu. Tengenezeni fremu ya mraba, nusu mita kila upande, kwa mabomba ya plastiki au hata fito. Ilazeni kwenye mkanda wa chaza. Chaza hujiganda mwambani kwa ganda la upande mmoja. Mtu akimvunja kwa nyundo au panga achukue nyama, ganda la juu linaondoka, la chini linabaki pale, jeupe, linang'aa ndani kama kibakuli. Hilo ni kovu. Mtoto ahesabu chaza walio hai upande mmoja wa daftari, makovu upande wa pili. Kisha fremu ihamishwe mbali na njia wanayoshukia watu, kule kusikofikika kirahisi, wahesabu tena. Wakirudi darasani wachore grafu ya nguzo. Nguzo za karibu na njia na nguzo za mbali zikikaa pamoja ubaoni, mwalimu nyamaza. Waache waseme.

Masharti ni machache. Jiwe ukilifunua, lirudishe kama lilivyokuwa, upande ule ule. Walio chini yake wanaishi gizani na kwenye unyevu, ukiliacha limepinduka jua linawaua mchana huo huo, na waliokuwa juu wanakosa mwanga. Hakuna kubeba mnyama nyumbani kwenye chupa. Makombe tupu nayo tuyaache, yule kaa mwenye tumbo laini anahama gamba moja kwenda jingine kila akikua, na mkiyamaliza atakosa pa kuhamia. Viatu ni lazima.

Karibuni mchangie, hasa mnaoishi na bahari kila siku.

Mama wa Kusini Unguja

Mwalimu, ahsante, lakini nina la kusema na nitalisema waziwazi. Mimi nachokoa. Mama yangu kachokoa na bibi yangu kachokoa. Maji yakitoka tunashuka na vikapu, chaza, kombe, pweza akipatikana ni neema. Ada za skuli zimelipwa kwa pweza. Sasa mwanangu akirudi nyumbani na grafu inayoonyesha makovu, atakuwa kafundishwa kuwa mama yake ndiye mharibifu? Mbona hoteli iliyojenga ukuta ufukweni haichorwi grafu? Mbona meli za kule nje hazihesabiwi?

Halafu mambo mengine tunayajua zamani. Jiwe tunarudisha. Pweza jike akiwa kashataga yumo pangoni na mayai yake yananing'inia kama shanga, hatoki, hali, anayapigia maji mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Mwenye akili anamwacha.

Mwalimu wa Pwani

Bi mkubwa, shikamoo, na nimefurahi umelisema. Hili ndilo lililonifanya niandike uzi. Mafunzo mengi ya mazingira yanamfika mtoto wa mvuvi kama mashtaka dhidi ya wazazi wake, naye afanyeje? Ama anamwonea haya mama, ama anampuuza mwalimu. Vyote viwili ni hasara.

Kwa hiyo kabla ya fremu kuna hatua nyingine: mama mmoja au wawili wanaochokoa waje mwambani na watoto, na wao ndio wawe walimu siku hiyo. Mimi nakaa nyuma nashika daftari. Watoto wamwulize: zamani ulikuwa unajaza kikapu ukitembea mpaka wapi, na leo mpaka wapi? Swali hilo moja lina thamani kuliko mabango yote, na majibu yake nayo yaandikwe kama takwimu, maana ni takwimu.

Habari ya pweza uliyoieleza inaendana na kufunga na kufungua miamba, yaani kuipumzisha watu wasivue kwa muda. Andavadoaka, Madagaska, kijiji kilianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, kikafungua na kukuta pweza wamekua. Pweza anakua haraka mno, anaishi kama mwaka mmoja hivi, ndiyo maana mapumziko mafupi yanaonekana kwenye kikapu. Pemba na Unguja kuna vijiji vinafunga hivyo hivyo sasa, na Bara kanuni za uvuvi zinakataza pweza aliye chini ya gramu 500. Mtoto akijua hivyo hamwoni mama yake kama mkosaji. Anamwona mtu mwenye uamuzi mkononi.

Na ukuta wa hoteli umesema kweli. Wapeleke wahesabu mbele ya ukuta na pasipo na ukuta. Hesabu isichague wa kumwonea.

Mzazi Tabata

Mwalimu, nakuheshimu, ila tuwe wakweli. Darasa lina watoto 90, mwalimu mmoja, hakuna basi, na mitihani iko mlangoni. Hii ni ndoto ya shule za ada kubwa.

Mwalimu wa Pwani

Mkuu, watoto 90 usiwapeleke siku moja, wapeleke 20 na wazazi wanne. Shule zilizo umbali wa kutembea kutoka baharini zipo nyingi, Kigamboni, Kunduchi, Bagamoyo, Tanga, Kilwa, Mtwara, tuanze na hizo. Wa Unguja wana na nafasi nyingine: kisiwa cha Chumbe, hifadhi tangu 1994, kimekuwa kikipokea wanafunzi kwa mafunzo ya matumbawe na mwamba.

Kuhusu mitihani: wastani, vipimo, eneo la mraba, grafu, uainishaji wa viumbe, mnyororo wa chakula. Vyote viko kwenye mtaala, na vyote vinapatikana asubuhi moja kwenye fremu ya nusu mita. Mtoto aliyewahi kutafuta wastani wa chaza hasahau wastani.

Ticha wa Kilifi

Hoja nzuri sana mwalimu, sisi upande wa Kenya tuna kisa ambacho nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka na wanakipenda. Mnamjua kikande, yule samaki mwenye meno magumu? Chakula chake kimojawapo ni wale nungu wa baharini, wenye miiba. Sasa watafiti, akiwemo Tim McClanahan ambaye ameichunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, walilinganisha ndani ya hifadhi na nje. Nje, ambako kikande amevuliwa sana, nungu walikuwa wengi kupita kiasi, nao wanatafuna mwamba na kuudhoofisha. Ndani ya hifadhi za zamani kama Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, kikande yupo na nungu ni wachache.

Mimi huwapanga watoto uani: mmoja mvuvi, wengine kikande, wengine nungu, wengine matumbawe. Mvuvi akiondoa kikande, nungu wanaongezeka, matumbawe wanakaa chini mmoja mmoja. Kisha nauliza ni nani sasa atazuia mawimbi yasifike kwa nyumba za watu. Kimya!

Na taka tusiziache kabisa, ila ziainishwe, sio kuokotwa tu. Kandambili ngapi, vifuniko ngapi, vipande vya nyavu vingapi. Ile dau ya Flipflopi iliyojengwa Lamu kwa plastiki na kandambili zilizookotwa ilisafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019, watoto wakiona picha yake wanaelewa kwamba takataka ilikuwa mali ya mtu.

Mwalimu wa Pwani

Ticha, mchezo wako nauchukua. Niongeze kisa jirani chake. Mwaka 1963, kule Makah Bay katika jimbo la Washington, Marekani, mwanasayansi Robert Paine alianza kuwaondoa viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota wanaokula kome, kwenye kipande cha mwamba na kuwarusha baharini, kipande cha jirani akakiacha. Kilichofuata, kome walitambaa wakashika mwamba wote, wengine wakakosa pa kukaa, na aina za viumbe alizokuwa akizifuatilia zikashuka kutoka 15 hadi 8. Mnyama mmoja tu aliondolewa. Sisemi viti vya pweza vyetu vinafanya kazi ile ile, mwamba wetu una watu wake. Lakini swali lake linafaa hata Kigamboni: tukimwondoa huyu, nani atafuata?

Nahodha Mstaafu

Nimesoma yote. Mimi sina elimu ya darasani lakini bahari naijua, na naona hamjasema la hatari.

Yuko konokono mrefu mwenye gamba zuri la madoadoa, umbo la msonge, wengine wana michoro kama ya wavu. Mtoto akimwona atataka kumtia mfukoni. Ana mwiba wa sumu unaorushwa, na mkubwa wao anaweza kuua mtu. Kanuni ni moja, konokono hai haokotwi kwa mkono. Kuna samaki-jiwe naye, huwezi kumtofautisha na jiwe lenye mwani mpaka umkanyage. Ndiyo sababu ya viatu vyenye soli ngumu, siyo kandambili. Akichoma, mguu utiwe kwenye maji ya moto kiasi ambacho mtu mzima ameyajaribu kwa mkono wake na anayavumilia, maumivu hupungua maana joto huvunja sumu, na hospitali mara moja. Chupa ya chai yenye maji moto iwe kwenye mkoba wa mwalimu. Wasiingize mkono kwenye tundu wasiloliona ndani.

Na majira myaangalie. Kusi likivuma mwamba unaotazama bahari kuu haufai kwa watoto hata maji yakiwa yamepwa. Nendeni kaskazi likiwa limetulia, lakini chukueni maji ya kunywa na kofia, jua la kaskazi mwambani si mchezo.

Kuhusu uvuvi wa baruti na wa utupa, ile sumu ya mmea, waelezeni watoto bila kuficha. Nimeona mwamba uliopigwa baruti. Pale palipovunjika panabaki kifusi kinachoviringishwa na mawimbi, na juu ya kifusi kisichotulia matumbawe machanga hayashiki. Miaka inapita.

Msukuma wa Ziwani

Na sisi wa Mwanza je? Tuna mawe mpaka ya kugawa lakini bahari hatuna.

Mwalimu wa Pwani

Nahodha, shikamoo na ahsante, maelezo yako nayabandika kwenye orodha ya maandalizi kama yalivyo.

Ndugu wa Mwanza, mna mwambao wa mawe wenye historia nzito. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na miaka ya 1980 furu wa aina nyingi sana wakatoweka. Lakini wale wanaoishi kwenye miamba, mbipi, wengi waliponea kwenye nyufa ambako sangara mkubwa hapenyi. Hilo ni somo zima lililo mbele ya macho yenu: jiwe limeokoa samaki. Watu wa Kigoma nao wanaweza kulinganisha mawe yaliyo chini ya mlima wenye msitu na yaliyo chini ya mlima uliofyekwa, maana udongo unaoletwa na mvua hulala juu ya mawe ya Ziwa Tanganyika na kuziba makao ya samaki na konokono. Tofauti ni moja kubwa: ziwani watoto wasiingie majini, kuna kichocho, na kwingine mamba. Wahesabu wakiwa juu ya mawe makavu, au wasome samaki walioletwa mwaloni.

Mpenda Takwimu

Swali la kitaalamu kidogo mwalimu. Si kila ganda tupu ni la nyundo. Chaza hufa na kwa kuliwa na konokono wanaotoboa. Wale nao wanaacha ganda la chini pale pale. Makovu yako yatakuwa yanawasingizia binadamu.

Mwalimu wa Pwani

Umegusa penyewe, na watoto wa darasa la sita huligundua hilo wenyewe wakipewa muda. Ndiyo sababu ya fremu mbili, ya karibu na njia na ya mbali. Konokono anayetoboa hajali njia ya watu iko wapi, kwa hiyo makovu ya kule mbali yanakupa kiasi cha kawaida cha vifo, na kinachozidi karibu na njia ndicho cha kuulizia. Fremu zote mbili ziwe kimo kimoja cha mwamba, vinginevyo unalinganisha chaza wa juani na wa kivulini. Pia waangalie kingo: ganda lililopigwa kwa chuma mara nyingi limemeguka pembeni na jiwe lina alama mbichi. Kovu la zamani limeshaota mwani, la karibuni bado jeupe. Watenganishe safu mbili, mapya na ya zamani, na wahesabu mapya tu kwenye ziara inayofuata.

Na kama fremu mbili zikatoa hesabu zinazolingana, waandike hivyo hivyo. Msiwarekebishie. Wakati mwingine mwamba wa karibu unaachwa kwa sababu chaza wake ni wadogo, wachokoaji wanapita moja kwa moja kwenda mbele. Hapo mama aliyekuja nao ndiye wa kuulizwa.

Mama wa Kusini Unguja

Hapo sasa tumeelewana. Mwezi ukiandama waalike na wa huku kwetu, nitakuja mimi na shoga yangu. Ila msije na magunia ya kuokotea taka, njooni na daftari.

Mwalimu wa Pwani

Inshallah bi mkubwa. Kwa walioomba orodha ya vifaa kwa ujumbe wa faragha, ni hii: fremu moja kwa kila watoto watano, kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita, penseli (kalamu ya wino hufutika ikilowa), ubao mdogo wa kuandikia, sumaku, kioo cha kukuzia kikipatikana, chupa ya chai ya maji moto, filimbi, na simu ya kupiga picha fremu ile ile kila mnaporudi. Kimo cha fremu pimeni kwa kamba kuanzia alama ya kudumu, ufa mkubwa au pembe ya mwamba. Rangi msipake jiweni.